Kwa Nini Bibi Alimwaga Maji ya Kwanza ya Mnavu

Jumatatu shangazi alituma ujumbe kwenye kundi la ukoo: picha ya tunda jeusi linalong'aa, na juu yake maandishi mekundu yanayosema acheni kula mnavu, ni sumu, punje chache tu zinaua mtoto. Alhamisi ya wiki hiyo hiyo mjomba naye akatuma wake: chukua majani mabichi ya mnavu, saga, chuja, kunywa nusu glasi asubuhi kabla hujala kitu, vidonda vya tumbo utavisahau. Watu wakashukuru chini ya ujumbe wote wawili. Ni binti wa dada yangu tu, aliyeolewa juzijuzi na anapika kwake Makorora, aliyeniandikia pembeni: "Shikamoo mama mdogo. Sasa mnavu nipike au nisipike?"

Nilimjibu apike. Lakini jibu la neno moja halimfai mtu ambaye kesho atapokea ujumbe wa tatu. Nimekula mnavu tangu sijaota meno yote, kwanza kwa bibi mzaa mama kule Bumbuli, kisha hapa Tanga mjini kwa mafungu ya soko la Mgandini, na inaniuma kuona mboga iliyolea vizazi vya milimani na pwani ikitupwa jalalani kwa sababu ya picha isiyo yake. Inaniuma vilevile kuona mboga hiyo hiyo ikitiwa kwenye chupa na kuuzwa kama mkombozi. Shangazi na mjomba wote wana chembe ya ukweli. Walichokiacha ni maswali ambayo bibi aliyajibu kila siku bila kuyatamka: ni mmea upi, ni sehemu gani ya mmea, umekomaa kiasi gani, na umepita wapi kabla ya kufika kinywani.

Picha ya shangazi

Tunda lililokuwa kwenye picha si la mnavu. Ni la mmea wa Ulaya, Asia ya magharibi na Afrika ya kaskazini ambao jina lake la kisayansi ni Atropa belladonna. Ule kweli ni sumu, mzizi hadi tunda, na punje chache zinaweza kweli kumuua mtoto. Mkanganyiko umeanzia kwenye lugha. Kwa Kiingereza mmea ule na jamaa za mnavu wetu wanagawana jina moja lenye maana ya kivuli cha usiku; wa Ulaya huongezewa neno la mauti, na jamaa za mnavu huongezewa neno la weusi. Mtu akifasiri kwa haraka, au akiiachia simu imfasirie, sifa za mmoja zinamwangukia mwingine.

Ukiiweka mimea hiyo miwili mkononi huwezi kuichanganya. Tunda la belladonna hukaa peke yake, moja moja, juu ya kikombe kipana cha kijani kilichochanua kama nyota, na ua lake lina umbo la kengele ya zambarau iliyochanganyika na rangi ya udongo. Mnavu hutoa vishada: punje tatu, tano, nane, zinaning'inia kwenye kikonyo kimoja, nyingi zikiwa ndogo kuliko njegere au zinazoikaribia. Ua lake ni dogo, jeupe, lina petali tano zilizogeukia nyuma, na katikati kuna ncha ya manjano iliyochomoza. Ni ua la nyanya hilo, ila jeupe. Si ajabu, kwa kuwa mnavu ni wa ukoo wa nyanya, bilinganya, ngogwe, pilipili na viazi mviringo.

Kama unataka kuogopa mmea wa kuogopwa huku kwetu, uogope ule wa maua marefu kama tarumbeta na tunda lenye miiba ambao wazee huuita mnanaha, Datura kwa wanasayansi. Nao ni wa ukoo huo huo, huota majalalani na pembezoni mwa mashamba, na ukiwa mchanga majani yake yanaweza kuingia kwenye fungu la mboga bila mchumaji kujua. Sumu yake ni ya aina moja na ile ya belladonna. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, watu walikufa baada ya kula uji wa msaada wa chakula uliokuwa umechanganyika na sumu ya aina hiyo. Kinywa kikavu, mboni za macho kupanuka, kuweweseka, moyo kwenda mbio: ukiona hayo baada ya mlo, chukua mabaki ya chakula na mgonjwa, nenda hospitali. Pia kuna ndulele, yenye miiba na matunda ya manjano, ambayo watoto wa Tanga wote wamekatazwa kuichezea. Ndulele haimdanganyi mtu, miiba yake inatosha kuitambulisha.

Jina moja, mimea mingi

Hapa ndipo penye fundo kubwa. Tunaposema "mnavu" tunadhani tunataja mmea mmoja. Tunataja kundi. Carl Linnaeus, Mswidi aliyeipa mimea majina ya Kilatini, mwaka 1753 aliweka mingi ya aina hii chini ya jina moja, Solanum nigrum, na kwa miaka zaidi ya 200 watu wameendelea kuita kila mnavu kwa jina hilo. Wataalamu waliokuja baadaye wakaukata mkungu huo chane kwa chane. Mwaka 1997 Jennifer Edmonds, na James Chweya wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walitoa kazi iliyokusanya yaliyojulikana kuhusu kundi lote, na ukiisoma unaelewa kwa nini mabishano hayaishi: watu walikuwa wakibishania mimea tofauti.

Mnavu wa majani mapana unaolimwa, wenye matunda makubwa ya zambarau iliyoiva hadi kuwa nyeusi, mara nyingi ni Solanum scabrum, na asili yake ni Afrika. Ule wenye matunda yanayoiva rangi ya chungwa ni Solanum villosum. Ule mwembamba wa vipunje vidogo vyeusi vinavyong'aa, unaoota wenyewe kwenye nyufa za uzio, aghalabu ni Solanum americanum. Tofauti zao si za sura peke yake. Ndani ya chembechembe zao kuna kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi: americanum ina 24, villosum 48, scabrum 72, na ndiyo maana zikiota bega kwa bega hazizaani hovyo, kila moja inabaki na tabia yake. Ukali wa uchungu ni tabia. Wingi wa sumu nao ni tabia.

Mama ninayenunua kwake mboga Mgandini hajui kromosomu, lakini nilipomuuliza fungu lipi chungu zaidi alinionyesha bila kusita. "Huu wa majani mapana wanapanda wenyewe, mpole. Huu mdogo wameuokota kwenye mahindi, mkali, wazee ndio wanaoutaka." Ule mpole ni matokeo ya kazi ya watu. Kizazi baada ya kizazi, wanawake wa milima ya Usambara na kwingineko waliacha shina lenye jani tamu lizae mbegu, shina chungu mno likang'olewa. Watafiti wa mboga kule Tengeru, Arusha, wameendeleza kazi hiyo hiyo, na aina kama Nduruma na Olevolosi zinazopandwa leo zimetokana na scabrum. Kwa hiyo utafiti uliofanyika India kwa mnavu wa India, au onyo lililoandikwa Ulaya kwa mmea wa Ulaya, hauhami moja kwa moja kuja kwenye sufuria ya Makorora.

Nasikitika kwamba jambo hili hatulifundishi shuleni, ilhali Amani, hapo juu ya Muheza, ndipo Wajerumani walipofungua mwaka 1902 kituo cha utafiti wa mimea ambacho mkusanyo wake wa mimea mikavu baadaye ulihamishiwa Nairobi. Elimu ya mimea ya Afrika Mashariki ilipita mlangoni kwetu.

Solanini, na kwa nini kijani ni hatari kuliko nyeusi

Sasa chembe ya ukweli aliyokuwa nayo shangazi. Mnavu una sumu inayoitwa solanini pamoja na ndugu zake. Ni sumu ile ile unayoikuta kwenye kiazi mviringo kilichoachwa juani hadi ganda likawa kijani. Mmea huitengeneza kwa ajili yake mwenyewe, ili wadudu na wanyama wasiumalize kabla haujazaa. Ukifikiri hivyo utaelewa mara moja sumu itakuwa nyingi wapi. Mbegu zikiwa bado changa mmea hautaki tunda liliwe, basi tunda bichi la kijani ndilo linalobeba sumu nyingi zaidi. Mbegu zikikomaa mmea unataka ndege ale tunda akazitupe mbali, basi sumu inashuka, sukari inapanda, rangi inageuka. Bibi alikuwa akituambia tunda la kijani lina mwenyewe. Tulidhani anamaanisha shetani, na tulikaa mbali nalo.

Anayekula matunda mabichi, au majani makali mabichi kwa wingi, kwanza tumbo linamsokota, anatapika, anaharisha, kichwa kinauma, anahisi kizunguzungu. Ikizidi, analegea na kupumua kwa shida. Watoto huathirika haraka kwa sababu mwili wao ni mdogo. Kwenye viazi, kiwango kinachokubalika kwa kawaida hakizidi miligramu 200 za sumu za aina hii katika kilo moja. Kwenye fungu la mnavu hakuna kibandiko, na kiasi hubadilika kwa aina, umri wa jani na mahali ulipoota. Kipimo cha kwanza alichonacho mpishi ni ulimi. Si kipimo kamili, maana uchungu wa mnavu unaletwa na vitu zaidi ya kimoja, lakini mboga iliyo chungu kupita kawaida yake, inayowasha koo, haifai kulazimishwa.

Kuna jambo moja ambalo naomba ulisome polepole, kwa sababu linafungua mambo mengine mbele. Mishipa ya fahamu hupeleka amri kwa misuli na tezi kwa kutumia kemikali iitwayo asetilikolini. Ikishapeleka amri, kimeng'enya huifagia. Solanini humzuia mfagiaji, kwa hiyo amri zinarundikana. Atropini, sumu ya belladonna na mnanaha, hufanya kinyume: inaziba mlango ili amri isiingie. Kwa hiyo ule mmea wa kwenye picha na mnavu wetu, licha ya kuitwa kwa jina moja kwa Kiingereza, sumu zao zinavuta kamba ncha mbili tofauti.

Sufuriani

Bibi alichambua mnavu kwa kukatia kidoleni: jani na ncha laini vikaingia ungoni, shina gumu, maua na matunda yote, yaliyoiva na mabichi, vikaenda kwa kuku au kutupwa. Hapo peke yake alikuwa ameshaondoa sehemu kubwa ya tatizo. Akaosha mara mbili. Akachemsha maji mengi kwanza, yakishatokota ndipo akatumbukiza mboga, akasubiri inywee na kulainika, akamwaga maji, akakamua kwa kifuniko. Ndipo mapishi yalipoanza.

Kwa miaka mingi nilidhani moto ndio uliokuwa ukiua sumu. Sivyo. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100, na solanini huvunjika kwenye joto linalozidi nyuzi 200, ambalo sufuria ya mboga haifikii. Kinachofanya kazi ni maji yenyewe: jani likilainika linaachia sehemu ya uchungu na sehemu ya sumu, na ukimwaga unavimwaga pamoja. Ukichemsha kisha ukanywa supu yake, hujaondoa kitu, umekihamisha tu kutoka kwenye jani kwenda kwenye bakuli.

Watu wengine hawamwagi maji na wanaishi vizuri. Ni kweli, na sababu yake ni hiyo niliyoitaja: mnavu wa kulimwa, majani machanga, sumu yake ni kidogo tangu mwanzo. Nami nikipata ule wa majani mapana uliochumwa asubuhi, huupika kwa maji machache nisiyoyamwaga, kwa sababu ukimwaga unapoteza vitamini C na foleti, ambazo huyeyuka kwenye maji. Ule mdogo wa porini namwaga bila majadiliano. Madini ya chuma na kile kinachogeuka kuwa vitamini A mwilini hubaki kwa kiasi kikubwa kwenye jani, kwa hiyo hasara si kubwa kama inavyosemwa.

Magadi siyapendi. Yanalainisha upesi na kuifanya mboga ing'ae kijani, lakini yanaiharibu vitamini C iliyobaki.

Baada ya hapo ni nazi. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, nyanya mbili, weka mboga iliyokamuliwa, mimina tui la pili, acha lichemke taratibu, mwishoni tui la kwanza na usifunike tena. Uchungu hauondoki wote, na haupaswi kuondoka wote. Unabaki nyuma ya utamu wa nazi kama chumvi inavyobaki nyuma ya samaki. Wasiouzoea huchanganya nusu kwa nusu na mchicha. Kwa ugali wa muhogo na dagaa wa kukaanga, sijui chakula kinachokishinda. Na nazi si urembo: karotini, ile inayogeuka kuwa vitamini A, iliyo kwenye majani ya kijani inahitaji mafuta ili utumbo uinyonye. Mpishi wa pwani aliyeunga mboga kwa tui alikuwa akiwapa watoto wake vitamini A kabla neno hilo halijaundwa.

Wanaosema mnavu unaongeza damu wana hoja, mradi wasiivute sana. Una madini ya chuma, lakini chuma cha majani hunyonywa kidogo kuliko cha nyama au dagaa. Kamulia ndimu wakati wa kula, kinanyonywa zaidi. Ukishushia na chai ya rangi, kama tunavyopenda hapa Tanga, unakizuia. Subiri saa moja au mbili. Mama mjamzito aliyeambiwa damu yake ni ndogo ale mboga hii iliyopikwa vizuri, na vidonge vya kliniki avimeze vilevile. Fungu moja la mnavu haliwezi kufanya kazi ya vidonge vile.

Chupani

Sasa mjomba. Mnavu umetumika kama dawa mahali pengi mno kuweza kupuuzwa. Wahindi wameuandika katika tiba yao ya Ayurveda kwa ajili ya ini na ngozi, Wachina wanao katika tiba yao, na Afrika Mashariki majani yaliyopondwa yamewekwa kwenye majipu na vidonda vya ngozi, na matunda yametafunwa kwa maumivu ya tumbo. Watafiti wamefuata nyayo hizo. Panya waliosababishiwa vidonda vya tumbo wakapewa dondoo la matunda ya jamii ya mnavu, vidonda vikapungua. Panya walioharibiwa ini kwa kemikali wakapewa dondoo, ini likaumia kidogo kuliko la wenzao. Chembe za saratani kwenye sahani za maabara zimekufa zilipomwagiwa kemikali zilizotolewa kwenye mimea hii.

Hayo ni kweli, na ndiyo yanayonukuliwa kwenye jumbe. Lakini angalia yanamaanisha nini. Dondoo la maabara hupimwa kwa miligramu kwa kila kilo ya uzito wa panya, kutoka kwenye mmea uliotambuliwa kwa jina lake, sehemu moja, ukomavu mmoja. Mjomba alisema "majani mabichi, nusu glasi". Majani ya mnavu upi? Mangapi? Na kifo cha chembe kwenye sahani ni hatua ya awali kabisa. Hata maji ya chumvi kali yanaziua chembe kwenye sahani. Kati ya hapo na mtu aliyelala kitandani kuna safari ambayo mnavu bado haujaimaliza.

Tazama pia juisi yenyewe. Mbichi, haikupita kwenye maji yanayotokota. Hakuna kilichomwagwa. Mashine ya kusagia imelivunja kila jani, na mtu anakunywa kwa mkupuo, tumboni pakiwa patupu, majani ambayo asingeweza kuyatafuna kwa uchungu. Tena anarudia kesho na kesho kutwa. Kila kitu ambacho bibi alikifanya ili mnavu uwe chakula, juisi imekiruka. Hii ndiyo sababu mboga ileile, kutoka fungu lilelile, inaweza kumlea mtoto kwenye sahani na kumtapisha mtu mzima kwenye glasi. Baadhi ya watu wamefikia hata kuwapaka watoto wachanga maji ya mnavu kwenye fizi meno yanapoota. Nawasihi kina mama wenzangu, hapana. Mwili wa kilo saba hauna nafasi ya kukosea.

Kisha kuna vidonda vyenyewe. Vidonda vya tumbo vingi husababishwa na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini zinazomezwa ovyo. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walimgundua bakteria huyo kwenye matumbo ya wagonjwa miaka ya 1980. Madaktari hawakuwaamini, Marshall akamnywa mwenyewe akaugua tumbo ili kuthibitisha, na mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Maana yake kwetu ni kwamba ugonjwa huu unapimika na unatibika, kwa kawaida kwa antibayotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Anayeacha dawa siku ya tano kwa sababu juisi imemtuliza anamfundisha bakteria ukaidi. Anayetapika damu au kwenda haja nyeusi kama lami asitafute mnavu, atafute gari.

Siandiki haya kuwadharau waganga wa tiba asili. Nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza linalosajili waganga na dawa zao, na mganga mzuri atakuuliza unatumia dawa gani nyingine. Muuzaji wa chupa isiyo na jina hakuulizi. Ukimeza dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini, kwa mfano, hata mboga ya sahani inahitaji kiasi kisichoyumba, kwa kuwa majani ya kijani yana vitamini K inayopingana nayo. Mwambie daktari unakula mboga za majani kiasi gani.

Sumu iliyo juu ya jani

Kama ningechagua onyo moja la kusambaza kwenye kundi letu, lisingehusu solanini. Mboga nyingi tunazokula Tanga hushuka kutoka mabonde ya Lushoto, ambako nyanya, kabichi na mnavu hulimwa jirani. Kantangaze, yule mdudu wa nyanya, anaishi pia kwenye mnavu, na mkulima mwenye hofu ya kupoteza nyanya hupulizia kote. Baadhi ya viuatilifu hivyo ni vya kundi la oganofosfati, kama profenofosi. Kumbuka mfagiaji niliyemtaja: oganofosfati humzuia kama solanini inavyomzuia, ila kwa nguvu kubwa zaidi. Mate yanamiminika, jasho, mboni zinakuwa ndogo kama kichwa cha pini, kifua kinajaa. Na hospitalini dawa wanayoikimbilia ni atropini, ile ile ya belladonna, kwa sababu inaziba mlango ambao amri zimerundikana mbele yake.

Kila kiuatilifu kina siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuchuma, zimeandikwa kwenye lebo. Mnavu huchumwa kila wiki, kwa hiyo aliyepulizia nyanya Jumamosi na kuchuma mnavu wa pembeni Jumapili anauza alichokipulizia. Kuosha kwa maji mengi kunasaidia, ila hakuondoi kilichoingia ndani ya jani. Muulize muuzaji ametoa wapi. Mama wa Mgandini hakukasirika nilipomuuliza. Alinitajia kijiji na jina la shamba, na siku asiyoijua asili ya mzigo huniambia nisubiri.

Tunda lenyewe

Limebaki tunda, maana ndilo lililoanzisha picha ya shangazi. Tunda lililoiva kabisa, laini, linaloachia kikonyo bila kuvutwa, huliwa na watoto sehemu nyingi, na Afrika Kusini hupikwa jamu kutokana na ndugu wa mnavu waitwao umsobo. Marekani mwaka 1909 palizuka ugomvi kama wa kundi letu: Luther Burbank, mzalishaji mashuhuri wa mimea, alitoa tunda jipya, wengine wakapiga kelele kwamba ni sumu, kumbe ni jamaa wa mnavu. Mimi tunda la mnavu wa kulimwa lililoiva naonja moja mbili na kutema mbegu. La porini nisilolijua aina siwapi watoto, kwa kuwa kwenye kishada kimoja nyeusi na kijani hukaa pamoja na mtoto hachagui. Maji ya tunda la scabrum ni zambarau kali na yamewahi kutumika kama wino. Nguo ikidondokewa, imedondokewa.

Kazi yake kubwa ni mbegu. Binti wa dada yangu amenunua ndoo mbili kuukuu za rangi, ameziosha na kuzitoboa chini, anataka kupanda mnavu wake barazani asimtegemee mtu. Nimempelekea kishada cha scabrum kilichoiva hadi kulegea. Nimemwambia aponde matunda ndani ya maji, ayalaze usiku mmoja, kisha asuuze mbegu mpaka utelezi wa sukari uishe, kwa sababu sukari ikibaki mbegu zinagoma kuota. Azianike kivulini. Ni ndogo kama vumbi la mchanga, basi azichanganye na majivu au mchanga mkavu ndipo azinyunyize, asizifukie sana. Zikitoka, apunguze miche abakize iliyo na nafasi, na baada ya kama wiki tano au sita ataanza kukata ncha. Akate ncha, asing'oe shina. Ukikata yanachipua mawili. Amenitumia picha jana jioni: vijani viwili viwili, vidogo kama ukucha wa mtoto, na swali jingine chini yake. "Mama mdogo, haya nayo maji yake nimwage?"

Hayo machanga, ya aina hiyo, unaweza usimwage.